Sola pwani: tunaanza na betri, tungeanza na joto

Mazungumzo ya sola katika miji yetu ya pwani huanzia pale pale: umeme umekatika. Na watu wana haki ya kuanzia hapo. Unguja haijasahau Mei 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mzima, wala kipindi cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya kelele za jenereta na ndoo za maji, kwa hitilafu ya njia moja tu ya umeme inayotoka Bara na kupita chini ya bahari. Kenya ina kumbukumbu ya 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipozima usiku. Tanzania Bara ina ya 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka. Aliyepitia hayo akishika fedha humwita fundi na kumwambia jambo moja: nifungie kitu kisinizimikie.

Fundi anafunga. Inverta ukutani, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa paneli na betri uwe wa nyumbani, betri mbili tatu sakafuni, paneli nne juu ya bati. Taa zinawaka, televisheni inawaka, intaneti haikatiki, simu zinachaji. Friji inaruhusiwa kwa masharti. Kiyoyozi kinapigwa marufuku kabisa, kwa maneno kwamba kitaua betri. Baada ya mwezi mwenye nyumba anaangalia matumizi ya LUKU au tokeni zake na kukuta yamepungua kidogo tu, kisha anawaambia majirani kwamba sola ni ghali na haina maana. Majirani wanaamini, kwa sababu wameona fedha ilivyotoka.

Ninachosema ni kwamba tumeipa sola kazi ndogo kuliko zote za nyumbani. Giza ni tatizo la saa chache kwa mwezi. Joto ni tatizo la kila siku kwa miezi mingi ya mwaka, nalo ndilo linalokula fedha. Nyumba ya pwani inayofunga sola bila kuligusa joto inalipa mtaji mkubwa kwa kuwasha balbu.

Tupige hesabu. Balbu 10 za LED za wati 9, zikiwaka saa 5 kila usiku, hazifikishi nusu uniti, yaani nusu kilowati-saa. Televisheni ya wati 100 kwa saa 6 ni uniti 0.6. Friji ya kawaida ni uniti 1 na kidogo kwa siku. Sasa weka kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) chumbani, kile cha zamani kinachowaka kwa nguvu yote na kuzima, kikifanya kazi kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Hicho peke yake kinaweza kula uniti 7 au 8. Kwa Tanzania Bara, ambako uniti ya mteja wa kawaida wa majumbani ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama shilingi 356, chumba kimoja kinameza karibu shilingi 80,000 kwa mwezi. Mombasa, ambako uniti huzunguka shilingi 30 za Kenya, hesabu inakaribia 6,700. Vyumba viwili, zidisha mara mbili. Taa na televisheni tulizozilinda kwa betri zote pamoja hazifiki hata robo ya hapo.

Kiyoyozi kile kile cha BTU 12,000, lakini cha inverta, ambacho hupunguza mwendo chumba kikishapoa badala ya kuzima na kuwaka, kinaweza kufanya kazi hiyo ya usiku kwa uniti 4 au 5. Tofauti ni zaidi ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na hapo bado hatujapanda juu ya paa. Ndiyo maana nikiulizwa na mtu wa pwani aanzie wapi na sola, humwambia kwanza anionyeshe kiyoyozi chake.

Kiyoyozi ni pampu ya joto, na friji pia ni pampu ya joto. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka mahali fulani kwenda pengine. Gesi iliyo kimiminika inageuka kuwa mvuke ndani ya nyumba na kulibeba joto, kompresa inaisukuma, na nje ile gesi inarudi kuwa kimiminika na kulitua joto hilo. Kwa sababu mashine inahamisha tu, kwa kila uniti 1 ya umeme inaweza kubeba joto la uniti 3 au 4. Koili ya hita ya maji, pasi, jiko la umeme, hivi vyote vinazalisha joto moja kwa moja, na uniti 1 ikiingia hutoka uniti 1 ya joto, basi. Ulaya sasa wanahimizana kufunga pampu za joto ili ziwapashe nyumba wakati wa baridi, na huko mashine inalazimika kulitafuta joto kwenye hewa ya nyuzi sifuri. Sisi tunaitaka mashine hiyo hiyo itupoze, na tukitaka itupashie maji pia, hewa ya kuchotea joto iko nje ya dirisha, yenye joto hata usiku. Ni mahali pachache ambapo pampu ya joto ya kupashia maji inafanya kazi kwa wepesi kama ukanda huu wa bahari ya Hindi.

Lakini wepesi wa mashine hautoshi kukufanya uinunue. Familia ya watu 4 ikioga lita 40 kila mmoja, maji yakitoka bombani na nyuzi 27 na kufikishwa 40, inahitaji joto la uniti 2 na nusu hivi kwa siku. Pampu ya joto ingelifanya hilo kwa uniti 0.7. Umeokoa uniti 1.8, kama shilingi 640 kwa siku, iwapo familia inaoga maji ya moto kila siku ya mwaka. Wangapi pwani wanaoga hivyo? Wakati wa kaskazi, maji ya simtanki lililokaa juani yanatoka ya moto yenyewe, na watu hulalamika kuwa hayapoi. Maji ya moto ni ya Julai na Agosti, ya mtoto mchanga, ya mzazi na ya mgonjwa. Kwa nyumba ya kawaida, kununua pampu ya joto ya maji ni kutumia fedha nyingi kuokoa kidogo. Hita ya papo kwa papo inayokula kilowati 5 inatisha ikiwaka, lakini ikiwaka dakika 10 kwa siku haifikishi uniti 1.

Hesabu inageuka kabisa ukivuka kizingiti cha nyumba ya wageni. Nungwi, Paje, Diani, Watamu, nyumba ya vyumba 20 yenye wageni waliotoka baridi na wanaotaka kuoga mara mbili kwa siku, ina jikoni linaloosha vyombo kutwa na dobi anayefua mashuka kila asubuhi. Hapo maji ya moto ni maelfu ya lita. Hapo pampu ya joto inayofanya kazi adhuhuri kwa umeme wa paneli, ikijaza tangi kubwa lililofunikwa vizuri, inalipa gharama zake. Tena hewa inayotoka upande wa pili wa mashine ni baridi na kavu. Ukiielekeza kwenye stoo ya vinywaji au chumba cha kupigia pasi umepata ubaridi wa bure. Jambo moja tu la kuangalia mapema: maji ya visima vya pwani yana chumvi na chokaa. Yanajenga ukoko ndani ya mabomba membamba ya mashine, na ndani ya zile hita za jua zenye vioo vya mirija pia, mpaka maji yanakuwa vuguvugu huku mwenye hoteli akilaumu jua. Maji hayo yashughulikiwe kabla ya kuingia. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yapate sehemu kubwa ya joto hilo kutoka kwenye jua. Wazo lilikuwa zuri, lakini maji ya moto kwenye nyumba ya Nyeri, kwenye baridi, na kwenye nyumba ya Kilifi hayana uzito mmoja, na kanuni haikuona tofauti hiyo.

Turudi kwenye nyumba ya kuishi, maana hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Jua linatoa umeme mwingi adhuhuri. Adhuhuri watoto wako shule, wakubwa kazini, vyumba vitupu. Joto linalosumbua ni la usiku, ukuta wa tofali uliokunywa jua kutwa unapoanza kulitema ndani. Paneli 6 za wati 550 kwenye paa la Dar es Salaam au Mombasa, kwa jua la saa 5 kamili kwa siku na ukitoa upotevu, zinaweza kukupa uniti 12 hivi. Kama mchana nyumba inatumia uniti 3 tu, 9 zinabaki huko huko juu: inverta inaona hakuna wa kuzipokea na inazipunguza mwendo paneli. Kwa hiyo umenunua mtambo wa uniti 12 na unavuna 3, na muda wa kurudisha fedha yako umekuwa mara 4 ya ule uliopigiwa hesabu dukani.

Mtu atasema: ziuze kwa shirika la umeme. Kenya sheria ya nishati ya 2019 ilifungua mlango huo, na kanuni zake zilizotoka 2024 zinampa mteja nusu ya thamani kwa kila uniti anayoingiza kwenye gridi. Naiona ni hatua njema, ila bado uniti unayoitumia mwenyewe ina thamani mara mbili ya ile unayoitoa nje. Pwani yote, iwe kuna utaratibu wa kuuza au hakuna, kanuni ya nyumbani ni moja: tumia umeme wa jua wakati jua lipo.

Na nyumba ya pwani ina mengi ya kufanya adhuhuri, ikipangwa. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki haina sababu ya kuwaka saa mbili usiku. Mashine ya kufulia na pasi zihamie saa tano hadi saa tisa. Friza, hasa friza, ni ghala la baridi. Maji yaliyoganda saa nane mchana yanabaki yameganda usiku kucha hata umeme ukipungua. Mbagala, Likoni na Mwanakwerekwe wapo kina mama wanaouza barafu, juisi na ubuyu wa kugandisha kutoka kwenye friza moja ya barazani. Kwa biashara ile, paneli 3 juu ya bati zina maana kuliko kwa jumba la Masaki, kwa sababu mzigo wake mkubwa unaangukia saa za jua na wateja wake wanaongezeka siku ambazo jua ni kali zaidi. Sijui kwa nini wauzaji wa sola na mikopo midogo hawajamtazama mteja huyu kwanza.

Kiyoyozi nacho kinaweza kuvutwa mchana. Watoto wanarudi saa tisa, mzee yupo nyumbani kutwa, siku hizi wapo pia wanaofanyia kazi nyumbani. Chumba kinachoanza kupozwa saa tisa alasiri na kufungwa vizuri kinaingia usiku na mzigo mdogo. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalikosea kwa sababu wamejifunza kwenye vitabu vya nchi za mbali. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, Mombasa nyuzi 4. Jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kwa hiyo ile amri ya kuelekeza paneli zote kaskazini haina nguvu kubwa hapa. Paneli zilizolazwa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea magharibi hupoteza asilimia chache tu kwa mwaka, na badala yake hukupa umeme zaidi alasiri, nyumba inapoanza kujaa watu. Mwinuko wenyewe usiwe chini ya nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi na chumvi.

Misimu nayo iko upande wetu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndio wakati wa joto kali na anga nyeupe. Masika yakija Aprili na Mei paneli zinapungua nguvu. Kusi ikikaza Julai, watu wanalala kwa feni au bila chochote. Kwa maneno mengine, umeme wa jua unaongezeka na kupungua pamoja na hitaji la kupoza, bahati ambayo nchi za baridi hazina, kwani wao wanahitaji joto zaidi wakati jua limepungua. Kwa sababu hiyo napinga tabia ya kupima mtambo kwa siku mbaya ya Aprili. Aprili gridi ipo. Iache ijazie. Anayenunua paneli na betri za kumvusha masika bila shirika la umeme analipia vifaa ambavyo miezi 9 vitakaa bure.

Baada ya hayo yote ndipo ije betri. Betri moja ya lithiamu ya volti 48 na ampea-saa 100 inabeba uniti 5 hivi. Linganisha na uniti 4 au 5 za kiyoyozi cha inverta kwa usiku mmoja: zinatoshana. Linganisha na 8 za kiyoyozi cha zamani: betri imeisha saa nane usiku na familia imeamka kwa jasho. Ndiyo maana mpangilio wa manunuzi una maana kubwa kuliko jina la kampuni. Kubadili kiyoyozi kwanza kunapunguza betri utakayohitaji, na betri ndiyo kifaa cha bei kubwa kwenye mtambo wote. Kiyoyozi cha inverta huanza polepole pia, bila ule mshtuko wa umeme mwingi wa sekunde ya kwanza unaomlazimu fundi kukuuzia inverta kubwa ya ukutani. Na tafadhali, betri isiwekwe kwenye kistoo cha bati kilichopigwa na jua. Zile za asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na kwenye kistoo hicho 40 ni jambo la kawaida. Lithiamu huvumilia zaidi, lakini nayo inataka kivuli na hewa.

Kivuli ndicho tulichokitupa. Nyumba za zamani za Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, vichochoro vyembamba ambavyo jua haliingii, na makuti ambayo hayalipitishi joto. Nyumba tunazojenga sasa Kigamboni, Mtwapa na Fumba zina ukuta mwembamba wa tofali za saruji, bati tupu, dari ya jipsamu iliyoshuka, na madirisha ya alumini ya kusukuma ambayo hata yakifunguliwa yote yanaruhusu upepo nusu. Kisha tunafunga BTU 18,000 kuushinda ujenzi wetu wenyewe. Karatasi ya foili chini ya bati, matundu ya hewa kwenye paa, upenu wa mita moja upande wa magharibi, rangi nyeupe juu: vitu hivi havina mng'aro wa paneli, na ndivyo vinavyofanya paneli 6 zitoshe badala ya 10.

Paneli zenyewe ni kivuli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, mji mwingine wa pwani na jua, waliripoti mwaka 2011 kwamba paneli zilizofungwa juu ya jengo zilipunguza joto linalofika kwenye paa kwa karibu asilimia 38. Faida hiyo unaipata ukiacha nafasi ya upepo kati ya paneli na bati, kama sentimita 10 au 15. Nafasi hiyo inazipoza na paneli. Zinapimwa kiwandani zikiwa na nyuzi 25, wakati juu ya bati letu saa saba mchana hupita 60, na kwa joto hilo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Fundi anayezilaza paneli zikigusa bati ili zipendeze amekuibia mara mbili. Mwenye paa la makuti asijaribu kuzifunga juu yake kabisa, kwa hatari ya moto na uzito. Ajenge banda la gari au kibanda cha barazani, paneli ziwe ndizo bati lake. Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu, ambako miji yenyewe ni urithi wa dunia tangu 2000 na 2001, ningependa kuona paneli zikiruhusiwa pale ambapo mtu wa barabarani hazioni, kwenye mapaa ya ndani, katikati ya nyumba zilizopakana. Kuwanyima wakazi kabisa kutawasukuma watu kuondoka, na nyumba isiyo na mtu ndiyo inayoanguka.

Sasa chumvi. Panda kwenye paa la nyumba iliyo hatua mia mbili kutoka ufukweni, iliyofungwa sola miaka mitatu nyuma kwa bei ya kuvutia. Fremu ya alumini bado inang'aa. Piga magoti utazame bolti inayoishikilia. Kichwa chake kimevimba kwa kutu, na pale kinapogusa alumini kuna unga mweupe, maana chuma na alumini vikikutana kwenye unyevu wa chumvi kimoja humla mwenzake. Kutoka kwenye bolti kuna mchirizi wa rangi ya kahawia unaoshuka juu ya bati, na kwenye tundu bati limeanza kulika. Mpira wa kuzuia maji umekauka na kupasuka. Nenda nyuma ya nyumba ukitazame kiyoyozi cha nje: yale mapezi membamba ya alumini yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole, na kompresa inahangaika kutwa kutua joto kupitia kitu ambacho hakipo tena. Uniti zinapotelea pale. Mwenye nyumba ameshaambiwa gesi imepungua na ameijaza mara kadhaa.

Dawa yake inajulikana. Bolti na vishikio vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kinachotumika baharini. Plastiki ya kutenganisha alumini na chuma kingine. Paneli zilizopimwa kwa mvuke wa chumvi, na kipimo hicho kina namba, IEC 61701, inayoandikwa kwenye karatasi za paneli. Kiyoyozi chenye mapezi yaliyopakwa kinga, kikae upande usioelekea bahari, kimwagiwe maji baridi ya bomba kila baada ya wiki kadhaa. Yote haya yanaongeza gharama kidogo mwanzoni. Kuyakosa kunakutaka uvue paa.

Na kunguru, nitawataja haraka. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Unguja miaka ya 1890, na leo wamejaa Dar es Salaam na Mombasa, hupenda kutua kwenye ukingo wa paneli. Kinyesi kimoja kikubwa kikifunika seli moja, kipande kizima cha paneli hupungua na seli ile hupata moto. Kivuli cha mnazi hufanya hivyo hivyo. Ndoo ya maji na mpira laini asubuhi, kabla bati halijapata moto, ni sehemu ya mtambo.

Ufundi ndio unaonitia wasiwasi kuliko vifaa. Kenya ina kanuni tangu 2012 za kuwapa leseni mafundi wa sola kwa madaraja, T1 hadi T3, na ina lebo za nyota kwenye viyoyozi na majokofu kumwonyesha mnunuzi kipi kinakula kidogo. Mnunuzi wa Mombasa amuulize fundi leseni na aitafute lebo, maana vipo kwa ajili yake. Lakini fundi wa sola hajui viyoyozi, na fundi wa viyoyozi hajui sola. Kila mmoja anapima chake, na nyumba inapata vitu viwili visivyoongea. Vyuo vya ufundi vya pwani, kutoka Tanga hadi Zanzibar, vingefanya jambo kubwa kwa kufundisha kozi moja inayoanzia kwenye upepo na kivuli cha nyumba na kumalizia kwenye inverta. Kozi hiyo ifundishe pia kuikusanya gesi ya zamani badala ya kuiachia hewani. Gesi ya viyoyozi iitwayo R-410A hupasha dunia zaidi ya mara 2,000 kuliko uzito ule ule wa kaboni dayoksaidi, na nyingine iitwayo R-32 kama mara 675. Makubaliano ya kupunguza gesi hizi yalifikiwa jirani tu hapa, Kigali, Oktoba 2016, halafu tunaona mtu akifungua nati na kuiachia fyuu ili akimbilie kazi nyingine.

Kuna kundi ambalo hesabu zangu zote hapo juu zimelipita, nalo ni wapangaji, ambao mijini ni wengi mno. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6 na korido moja, familia 6, LUKU moja. Kila mwisho wa umeme ni mashauri: nani ana friji, nani anapiga pasi, nani hajatoa mchango wake. Paa ni la mwenye nyumba na bili ni ya wapangaji, kwa hiyo mwenye nyumba haoni sababu ya kufunga paneli, na mpangaji hawezi kung'ang'ania paa la mtu ambaye anaweza kumpa notisi miezi 6 ijayo. Hapa soko peke yake halitatusaidia. Mwenye nyumba akipewa mkopo nafuu wa paneli 4 na mita ndogo 6, moja kwa kila chumba, anaweza kuongeza kodi kidogo kuliko kile ambacho wapangaji wanaokoa, na ule ugomvi wa koridoni unapata jibu la namba. Benki zinazokopesha nyumba za biashara zinalijua paa hilo na zinaijua kodi inayoingia. Zinachokosa ni bidhaa.

Na nyumba mpya zinazopanda kila siku kutoka Kilifi hadi Mtwara ziko kwenye meza za halmashauri kabla hazijachimbwa msingi. Ramani haipiti bila kuonyesha choo na shimo la maji taka. Kwa ukanda huu iongezwe mistari mitatu: upenu wa magharibi una upana gani, bomba la waya linashuka wapi kutoka paani hadi kwenye mita, na kiyoyozi cha nje kitakaa upande gani wa nyumba ukilinganisha na bahari. Mchoraji anaiweka kwa nusu saa. Mwenye nyumba anayekuja kuifanya baada ya plasta kukauka anapasua ukuta.